Nyumba Niliyoifuta kwa Raba

Kabla ya kwenda chuo sikujua kwamba dunia ina mstari. Kwetu, juu ya Gonja, ukitoka nje asubuhi macho yanagonga mlima wa pili, ukigeuka yanagonga wa tatu, na ukitazama chini unaona mabati ya majirani, migomba, na mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi na kuzuiwa kwa mawe. Mbingu na ardhi hazikutani popote kwa utulivu. Ndiyo maana siku mwalimu wetu wa uchoraji pale Same alipotuambia tuanze kwa kuchora mstari wa upeo wa macho, mimi nilinyoosha mkono nikauliza mstari wenyewe unaonekana wapi. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alinipeleka dirishani, akanionyesha ile nyika kavu inayokwenda upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, akasema, "Pale. Pale macho yanapochokea."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimekuja kusoma uchoraji wa majengo kwa sababu alama zangu hazikutosha kitu kingine, na baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, alisema afadhali nichore kuliko nikae nyumbani nikichambua tangawizi. Sikuwa na hamu. Siku ya kwanza nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikiwa tayari kutopenda kila kitu.

Mwalimu aliweka tofali la kuchoma juu ya meza, kona yake ikitutazama. Akasema tuanze na kona ile iliyo karibu nasi, mstari mmoja wima. Halafu tuweke nukta mbili kwenye mstari wa macho, moja mbali kushoto na nyingine mbali kulia. Kingo zote za upande wa kushoto wa tofali zinakimbilia nukta ya kushoto, za kulia zinakimbilia nukta ya kulia, na kadiri zinavyokimbia ndivyo zinavyokaribiana. "Hakuna mstari unaoruhusiwa kwenda kwingine," alisema. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari kwa wino mwekundu. Baadaye niliifanya wakili wangu, na kwa miaka mitano ilinitetea vizuri.

Maboksi yangu ya mwanzo yalikuwa kichekesho. Yote yaliteremka. Mkono wangu ulikuwa umezoea milima, ukawa unachora kila kitu kana kwamba kimejengwa kwenye mteremko. Mwalimu alipita nyuma yangu akauliza, "Huko kwenu nyumba zinashuka bondeni pamoja na mbuzi?" Wenzangu wakapata la kunitania mwezi mzima. Nina hasira za karibu, nakiri, na hasira hiyo ndiyo iliyonifundisha. Nilichora tofali, nikachora boksi la sabuni, nikachora kreti la soda, nikarudia tofali mpaka upepo wa Same ukaacha kunipeperushia karatasi kwa sababu nilikuwa nimezilundikia mawe kila pembe. Nukta moja ilipoangukia nje ya karatasi, mwalimu alituonyesha kupigilia msumari pembeni mwa meza, kufunga uzi, na kuuvuta mpaka kwenye kona ya boksi ili uonyeshe njia ya mstari. Nilipenda sana kazi hiyo ya uzi.

Siku niliyoweka mlango na dirisha kwenye boksi langu, nikaliwekea paa, nilishtuka. Karatasi ilikuwa na ndani. Ungeweza kuingia, ukapita sebuleni, ukatokea uani. Nilikaa nikiitazama nyumba ile isiyo ya mtu, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule nilijiona mtu mwenye akili. Nalisema hili kwa sababu yote niliyofanya baadaye yalitoka kwenye furaha hiyo. Sikuwa na chuki na mtu.

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani na bunda la karatasi kubwa. Baba alikuwa na mpango wa kubadilisha mabati na kuongeza baraza mbele ya nyumba. Aliposikia kwamba sasa najua kuchora jengo likaonekana kama lilivyo, aliniambia, "Nichoree kwetu patakavyokuwa baada ya kazi. Watu wa Dar wakija Krismasi waone." Watu wa Dar ni wadogo zake wawili na familia zao. Kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Upare, Krismasi wote hupanda mlimani, magari yakakwaruzana na kingo za barabara, na kwa wiki nzima hakuna mahali pa kukaa bila kumsukuma mtu.

Hapo nyumbani, nyuma ya nyumba kubwa, kando ya mfereji wa maji ya shamba, alikuwa anaishi shangazi yangu.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Aliolewa mbali, hakujaliwa mtoto, na nilipokuwa darasa la kwanza alirudi nyumbani na sanduku moja na kinu. Babu, ambaye alikuwa bado hai, alimwonyesha sehemu ile kando ya mfereji akawaambia wanawe, mjengeeni hapo. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwa ukoo wetu ardhi ni ya watoto wa kiume, na binti anayerudi anakaa kwa hisani ya kaka zake. Hakuna aliyemwambia shangazi maneno hayo hata siku moja, wala hakuna aliyehitaji kumwambia. Nilikuwa namwona jinsi anavyoingia nyumba kubwa: anasimama kwanza karibu na mlango mpaka mtu aseme kaa.

Mama alikuwa mtu wa magulio. Leo anauza ndizi Maore, kesho yuko gulio jingine, kwa hiyo aliyenilea ni shangazi. Ndiye aliyeniogesha, aliyenisuka, aliyenipikia makande yaliyochemka tangu asubuhi. Nililala kwake mpaka darasa la tano. Najua harufu ya moshi wa nyumba ile kuliko ninavyojua harufu ya nyumba ya baba yangu.

Basi niliweka meza kwenye ngazi ya shamba iliyo chini ya nyumba, nikapigilia misumari miwili, nikafunga uzi, nikaanza. Nyumba kubwa ilikubali vizuri mno. Kona, paa jipya, baraza ambalo bado halikuwepo, nguzo zake nne, kila kitu kikakimbilia nukta zake kwa heshima. Jiko la mama likakubali. Banda la ng'ombe likakubali, kwa kuwa baba alilijenga sambamba na nyumba. Ikabaki nyumba ya shangazi.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, kuta zimevimba tumbo, kona zimelika zikawa mviringo. Lakini hilo si tatizo, udongo unachoreka. Tatizo ni kwamba ilikaa upande. Waliomjengea waliufuata mfereji, na mfereji wetu unapita kwa kukunja, kwa hiyo nyumba yake haikuwa sambamba na kitu chochote pale nyumbani. Nikiivutia uzi kutoka kwenye misumari yangu, inatokea nyumba nyingine, imegeuzwa, si yake. Nikiichora kama ninavyoiona, mistari yake inakwenda kwingine kabisa, na mistari hairuhusiwi kwenda kwingine. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu ilionekana kama inataka kuangukia mgongo wa nyumba kubwa, na picha yote ikawa na kasoro.

Nikachukua raba nikaifuta.

Ningependa kusema nilisita. Sikusita. Nilipoifuta picha ilitulia, nikafurahi. Mahali pake nikaweka migomba mitatu na uwanja uliosafishwa, nikatia kivuli kidogo ili uwanja uonekane umesawazishwa. Nilijiambia nitairudishia nikishajua namna. Kisha nikapaka rangi, na kitu kilichopakwa rangi huwezi kukirudishia.

Baba aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa kusifu watoto, lakini siku hiyo aliita majirani. Aliishusha mwenyewe Maore kwa fundi wa vioo, akarudi nayo kwenye fremu, akaitundika sebuleni pembeni mwa picha yake ya harusi. Hakuona kilichopungua. Mama hakuona. Wadogo zangu hawakuona. Hilo nalo limenikaa moyoni: kati ya watu wote waliokula kwa mikono ya shangazi kila siku, hakuna aliyetazama ile picha akauliza yuko wapi.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, sebule ilijaa. Baba mdogo yule mkubwa, ambaye alikuwa amelirudisha gari lake kinyumenyume njia nzima kwa kukosa pa kugeuzia, alisimama mbele ya picha na kikombe mkononi. Akaisifu, akaniita mhandisi. Halafu akaweka kidole kwenye ule uwanja niliouweka, akasema, "Hapa nyuma pamekaa vizuri. Pako wazi, hata gari linageuza." Watu wakacheka, kwa sababu walikuwa wamemwona akihangaika na usukani. Mimi pia nilicheka, kwa sauti. Nilikuwa na furaha ya kuitwa mhandisi. Shangazi alikuwa katikati ya sebule na birika la chai, anamimina.

Siku ya pili yake aliniita tukiwa wawili tu sebuleni. Alisimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo.

"Hii umechora wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ni baba yako aliyekwambia uchore?"

"Ndiyo. Alisema nichore patakavyokuwa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Umechora vizuri, mwanangu. Mkono wako ni mwepesi." Nikamshukuru.

Wageni walipoondoka tu, kabla ya shule kufunguliwa, shangazi alisema anashuka Ndungu kusaidia watu kuvuna mpunga. Hatukushangaa, watu wengi wa juu hushuka kutafuta kibarua. Aliondoka asubuhi na sanduku lake, kinu amekiacha, mlango amefunga kwa kamba. Mavuno yakaisha, hakurudi. Baba alimpigia simu, akajibiwa salama, nipo, msihangaike. Akapiga tena, jibu lile lile. Baba ni mtu wa kujisikia, na mimi nimerithi kwake. Alikasirika. "Ameondoka kama mgeni aliyelala usiku mmoja," alisema. "Hata kuniaga kama kaka yake hakuniaga." Kisha yakaja maneno ya watu: kwamba huko chini amepata mwanamume, kwamba alikuwa ametuchoka, kwamba wanawake waliowahi kuishi mbali hawatulii. Baba akayasikia na hakuyakanusha. Simu zikapungua, zikakoma.

Nyumba ya udongo isiyowashwa moto haikai. Mchwa waliingia, na masika ya pili ukuta wa upande wa mfereji ulianguka. Baba alitoa miti iliyobaki akajengea uzio. Udongo ukasawazishwa. Krismasi iliyofuata baba mdogo aligeuzia gari lake pale pale.

Mimi nilijua lini? Hilo swali nimelikimbia sana. Nilijua mwaka wa pili chuoni. Mwalimu aliweka matofali mawili juu ya meza, moja limegeukia huku, jingine kule, akauliza tutayachoraje kwenye karatasi moja. Mimi, mwenye kiherehere, nikajibu haiwezekani, mistari hairuhusiwi kwenda kwingine. Akasema, "Nani amekwambia? Kila jengo lina nukta zake mbili. Kinachoshirikiwa ni mstari wa macho tu." Akavuta nyuzi mbili nyingine kwenda kwenye misumari mingine, na tofali la pili likakaa ubavuni mwa mwenzake, limegeuka kivyake, bila kasoro yoyote.

Jioni ile niligeuza daftari nikaichora nyumba ya shangazi kwa kumbukumbu, na nukta zake. Ilinichukua dakika kumi. Ilikaa vizuri sana. Na nilipoitazama nikamwona shangazi amesimama mbele ya ile picha, nikasikia upya maswali yake mawili, na majibu yangu. Hakuwa anaulizia uchoraji.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia sina uhakika. Nilijiambia labda kweli kuna mwanamume. Nilijiambia kwamba nikimweleza baba nitamtia uchungu bure, wakati ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa ile fremu kushushwa. Ilikuwa kitu changu cha kwanza kusifiwa. Wageni walipoisifu ile picha nilimlaumu mwalimu wangu kimoyomoyo: kwa nini hakutufundisha matofali mawili mwaka wa kwanza? Nikamaliza chuo, nikapata kazi Same, katika chumba kimoja karibu na stendi ambako tunachora ramani za watu wanaoomba vibali vya kujenga. Nachora vyumba, vyoo, kuta za uzio. Kila mteja namuuliza mara mbili kama kuna jengo jingine kwenye kiwanja, hata kibanda, hata jiko la kuni. Wananiona msumbufu.

Mwaka huu baba na wadogo zake walikaa kikao. Kikao cha kweli, kwa mihtasari. Wamezeeka, wanataka kugawa eneo la nyumbani na kulipima, kila mtu ajue lake, watoto wasije wakagombana. Baba akanipigia nichore ramani ya eneo zima, majengo yaliyopo na yatakayojengwa. Alinitajia kila kitu kwa mpangilio, mwalimu kama alivyo. Nikamuuliza, "Na sehemu ya shangazi?"

Akajibu, "Usimweke. Alitukimbia mwenyewe."

Nilikata simu nikakaa na penseli mkononi. Mara ya kwanza nilimfuta bila kujua. Sasa nilikuwa naambiwa nimfute nikijua, kwa kalamu, kwenye karatasi itakayopigwa mihuri. Mihuri ikishapigwa, mtoto wa mtu akija kuuliza miaka ijayo, itaonekana kwamba mwanamke yule hakuwahi kuwa na mahali pale. Sikulala vizuri, na Jumamosi nilipanda basi la Ndungu.

Niliulizia, nikamkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wanawake sita walikuwa wamekaa kivulini mwa ukuta wakipeta mchele wa watu, nywele zimejaa pumba. Sikumtambua mpaka aliponitambua yeye. Amekonda. Kwa kazi ya vumbi ile anakohoa, na jicho moja linatoa machozi muda wote.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

"Hapana, wote wazima."

"Basi kaa." Alinisogezea gunia. Akaendelea kupeta, kwa kuwa mwenye mchele alikuwa anasubiri. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina maneno mazuri kabisa, yote yakapotea. Nikasema tu, "Shangazi, nimekuja kwa ajili ya ile picha."

Ungo haukusimama. "Picha nzuri ile. Bado ipo ukutani?"

"Bado ipo. Shangazi, nyumba yako nilisahau..."

"Hukusahau," alisema, bila ukali. "Nilikuwa nyuma yako. Nilikuletea muhogo wa kuchoma. Nikaona umeichora, nikafurahi, hata mlango ulikuwa umeuweka. Halafu ukaifuta. Ulikuwa unapuliza yale mabaki ya raba. Nikarudi na muhogo wangu."

Miaka yote nilikuwa na neno hilo moja, nilisahau, nimeliweka tayari kwa siku hii.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mtoto ametumwa. Ningekuuliza ningekutia aibu ya bure." Aliokota jiwe dogo kwenye mchele akalitupa. "Kaka zangu wasingeweza kuniambia kwa mdomo, ondoka. Ni watu wa kanisa, na baba alishasema nikae. Wangetafuta njia ya heshima. Nikaona hii ndiyo njia waliyoipata, kunionyesha tu patakavyokuwa. Halafu mdogo wangu akasema pale gari litageuza, wote mkacheka. Nikaelewa. Sikutaka niwaweke kwenye kazi ya kunifukuza."

Nikamwambia. Nilianza vibaya, na matofali, na misumari na uzi, nikamweleza kuhusu nukta mbili mpaka nikajichukia. Nikaacha hayo nikasema kwa Kipare, polepole, kwamba hakuna aliyenituma kumfuta. Baba alitaka tu aone baraza lake. Nyumba yake ilikuwa imekaa upande na mimi sikujua kuichora, picha ikawa mbaya, nikaifuta ili picha iwe nzuri. Baba hakuona. Hakuna aliyeona. Na kwamba nilikuja kuelewa mwaka uliofuata, nikanyamaza.

Ungo ulisimama.

"Kwa hiyo hakikukaa kikao?"

"Hakikukaa, shangazi."

"Kaka yangu hakusema niondoke."

"Hakusema. Anachojua ni kwamba ulimkimbia."

Alitazama mikono yake. Mwenye mchele aliita, mama vipi, hakumjibu. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri vya ofisini, nimekaa juu ya gunia mbele ya mtu aliyenisuka nywele.

"Mpigie," alisema mwishowe.

Nilipiga. Baba alipopokea nikamweleza hapo hapo, mbele ya shangazi, kwa maneno machache kuliko niliyoyaandika hapa. Nilimsikia akivuta kiti. Hakunigombeza. Akasema, "Mpe simu."

Shangazi alifuta kiganja kwenye kanga kabla ya kuipokea.

"Shikamoo kaka," alisema. Akasikiliza. "Mimi mzima. Kifua kidogo tu... Hapana, hakuna mwanamume, wewe nawe, kwa umri huu?" Akasikiliza tena, na jicho lile zuri nalo likaanza kutoa machozi. "Kaka, mimi kila Jumapili nimekuwa nikienda kanisani nawasamehe. Wewe na wadogo zetu. Nawataja mmoja mmoja. Miaka mitano, kaka, nimekuwa nikiwasamehe bure."

Sijui baba alijibu nini. Nilisikia tu sauti yake ikikatika katika. Shangazi akamwelekeza njia: ukishuka Ndungu uliza mashine ya kukoboa iliyo karibu na mfereji mkubwa, usije mchana wa jua, na usije peke yako, njoo na wadogo zetu wote wawili, sitarudi kwa kufuatwa na mtu mmoja. Akanirudishia simu.

Nilipiga magoti pale kwenye pumba. Nilisema, "Shangazi, nisamehe."

Alinitazama kwa muda, kama anavyomtazama mtu aliyeingia kwake bila kubisha hodi. Kisha akauvuta ungo.

"Wewe," alisema, "nitaanza Jumapili."